Nilivyofanywa Nyanya Nikiwa na Miaka Thelathini na Mmoja

Mkija kunitembelea, msishangae nikiwatazama miguuni kabla ya usoni. Si dharau, ni mazoea ya kazi. Nilikuwa metroni wa shule ya bweni ya wasichana huko juu, vilima vya upande wa Gesima, ambako sasa kila mteremko ni chai lakini wakati huo ulikuwa wimbi, mahindi na pareto. Nilipokea wasichana wa miaka kumi na mitatu, kumi na minne, wamebeba sanduku la bati kichwani na funza vidoleni, na kazi yangu ilikuwa kuwafundisha kuitunza miili yao. Sisemi kuwaosha. Kuwaosha ni kazi ya yaya. Mimi niliwafundisha kujiosha, kujilisha, kujipumzisha na kujisemea wanapoumwa, na hilo la mwisho ndilo lililotutoa jasho.

Binti wa jirani, ambaye naye sasa ni mwalimu, aliniambia juzi ati siku hizi mambo hayo yana vitabu na semina. Vizuri sana, someni. Ila msije mkadhani kijana anajitunza kwa sababu ameimba orodha ya vitu kumi mbele ya mgeni. Niliwahi kudhani hivyo, na nusura nimzike mtoto wa watu.

Tuanze na soksi za maji, ndipo mtanielewa.

Kila asubuhi nilipiga filimbi, wasichana arobaini wakapanga mstari mbele ya bweni, nami nikapita kama askari. Mikono, kucha, meno, masikio, miguu. Nguo zao za shule zilifika chini ya magoti, kwa hiyo nilikagua mpaka magotini. Wote walimeta. Nilikuwa nikijisifu peke yangu jikoni, haki ya Mungu, nikisema hakuna metroni katika vilima hivi anayenifikia. Basi siku moja ya michezo wakavaa kaptula za mazoezi, na mvua ya Kisii, mnaijua, haitoi taarifa. Ikawanyeshea uwanjani. Walipokimbia kuja barazani nikaona magoti themanini yenye mpaka. Chini ya mpaka ngozi safi, juu ya mpaka vumbi la wiki mbili likitiririka matope. Kumbe watoto waliosha mpaka pale jicho langu lilipofika, wakajivika soksi za maji, wakaacha! Mmoja wao, Kwamboka, msichana mwenye ulimi mrefu kuliko kimo chake, alipoona nimeduwaa akaniambia, "Mama, si hujawahi kuuliza huko juu?"

Nilimfokea. Leo ningempa zawadi, maana alikuwa ameniambia kosa langu lote kwa maneno machache. Wale watoto walikuwa wakinioshea mimi. Miili yao ilikuwa mali ya filimbi yangu.

Mimi si Mkisii. Nilizaliwa upande wa ziwani, jina langu Dorka, na kazi nilijifunza katika zahanati ya misheni huko kwetu chini ya dresa mmoja mzee, Yona. Dresa wa zamani alikuwa mtu wa kufunga vidonda, kugawa dawa na kutukanwa na wagonjwa. Yona alinifundisha kumtoa funza vizuri: osha mguu kwa sabuni, pitisha pini motoni, iache ipoe, kisha uzunguke kijifuko chake polepole mpaka kitoke kizima. Ukikipasua umeacha kazi nusu na kidonda kitaoza. Alinifundisha pia kunawa mikono mbele ya mgonjwa, si pembeni, ili ajue anaguswa na mtu anayemheshimu. Nilimcheka wakati ule. Nilidhani ni maringo ya uzee.

Mume wangu alikwenda vitani, akapelekwa Burma, na badala yake ikarudi barua ya serikali. Hatukuwa tumejaliwa mtoto. Kwa hiyo misheni iliponiuliza kama niko tayari kupanda milimani kuwalea wasichana, nilikubali kabla hawajamaliza kuuliza. Nilipofika nilisimama mbele yao nikasema kwa Kiswahili chetu cha kuokoteza, maana wao walikuwa na Kikisii chao na mimi na Kijaluo changu, "Kuanzia leo mimi ndiye mama yenu hapa. Na mama hafichwi kitu."

Wote waliinamisha macho chini kwa pamoja. Nikasema moyoni, angalia adabu hiyo! Nilifurahi siku nzima. Kumbe pale pale, kwa sentensi mbili, nilikuwa nimejiharibia kazi, na ilinichukua miezi mitano kulijua hilo.

Sasa niwaambie juu ya Nyaboke.

Nyaboke alikuwa na miaka kumi na minne, mtoto wa kwanza kwao, mtulivu, mwenye mwandiko ambao Misi, mwalimu mkuu wetu mmisionari, alipenda kuwaonyesha wageni. Wiki moja akaanza kubaki nyuma. Wenzake walipokwenda kijitoni kuchota maji yeye alifika wa mwisho, alipokaa darasani alikaa upande, na wakati wa kulima bustani aliegemea jembe. Nilimwita.

"Nyaboke, unaumwa?"

"Siumwi, mama."

"Niambie mimi mama yako. Ni wapi?"

"Siumwi popote, mama."

Nikamkagua kwenye mstari: kucha safi, meno safi, miguu safi mpaka magotini. Nikaamua ni uvivu. Na kwa mvivu nilikuwa na dawa moja, debe la pili la maji. Wenzake wakichota moja, yeye alirudi kijitoni kuchota jingine. Mlima ule mnaujua ninyi mliopita huko. Hata mbuzi hupumzika katikati. Alibeba debe la pili siku tatu mfululizo bila kulalamika, na kila nilipomwona akipanda taratibu nilizidi kukasirika. Andikeni hilo mahali, kwamba metroni Dorka alimwadhibu mtoto mgonjwa kwa kumbebesha maji. Nimelisema mbele ya watu wengi na sitaacha kulisema.

Mboga zetu zililetwa na mama mzee wa kijiji cha jirani, Bosibori, aliyekuja Jumanne na Ijumaa na kikapu cha saga na managu mgongoni. Alikuwa hana meno ya mbele, na maneno yake yalipita pale kwenye pengo bila kuchujwa. Ijumaa hiyo alikuwa ameketi kwenye jiwe la jikoni akichambua saga nami, Nyaboke akapita na debe lake la pili. Bosibori akaacha kuchambua.

"Dorka, huyo mtoto iko mgonjwa."

"Huyo? Huyo ni mvivu, mama. Namjua."

"Unamjua!" Akatema kijani kilichomshika kwenye fizi. "Mvivu anavuta miguu yote mbili. Huyo anavuta moja tu, na anauma meno. Mvivu anauma meno ya nini?"

 Nilikuwa nimefunzwa na Yona kutazama, na mwanamke wa saga alikuwa ametazama kunishinda.

"Nimemuuliza mwenyewe," nikajitetea. "Nimembembeleza. Nimemwambia, niambie mimi mama yako."

Bosibori akanigeukia mwili mzima. "Ulimwambia uko mama yake?"

"Niliwaambia wote, tangu siku ya kwanza."

Ala! Mzee yule alicheka mpaka akashika mbavu, kisha kicheko kikakatika ghafla. Akasema, "Basi huyo atakufa na wewe utamzika, mama."

Akanieleza, na nitawaeleza kama alivyonieleza, maana baadhi yenu mmezaliwa mjini na hamjui. Kwa Wakisii kuna heshima inayoitwa chinsoni. Ni aibu iliyowekwa kati ya mzazi na mtoto. Binti hazungumzi mambo ya mwili wake mbele ya mama yake, na mama hazungumzi mbele ya binti, wala mtu yeyote wa kizazi cha mama. Si hofu, si chuki. Ni heshima, na mtoto aliyelelewa vizuri anaishika hata ikimwuma. "Mimi hawa binti yangu sikuambia kitu," Bosibori akasema. "Mama ya bwana yangu ndiye aliambia wao. Na mimi naambia watoto yao. Nyanya ndiye mtu ya kuambiwa. Wewe umefika hapa, umekaa kwa kiti ya mama, halafu unauliza kwa nini hawasemi."

Vijana, nilitamani kujizaba kofi. Maana hata kwetu ziwani wasichana walilala nyumbani kwa nyanya, na mimi mwenyewe nililala huko, na kila nilichojua kuhusu mwili wangu nilikisikia kwenye ngozi ile ya ng'ombe kabla ya usingizi. Nilikuwa nikijua! Lakini nilivaa aproni nyeupe ya misheni, nikapewa filimbi, nikasahau. Mtoto mwenye adabu kuliko wote shuleni alikuwa akinionyesha adabu yake kwa kuteseka, nami nikamwita mvivu.

"Basi zungumza naye wewe," nikamwambia.

"Leo nitazungumza. Mimi nakuja Jumanne na Ijumaa. Jumatano atazungumza na nani?"

 Akaniangalia juu mpaka chini, akasema, "Kuwa nyanya."

"Mama Bosibori, nina miaka thelathini na mmoja!"

"Nani ameuliza miaka? Kwetu iko mtoto ya mjomba yangu, bado ananyonya, na mimi naita yeye nyanya. Mimi niko nyanya ya hawa watoto, wote wanajua. Nikisema wewe uko dada yangu, wewe uko nani kwao?"

Hesabu yake ilikuwa sahihi, lakini nawaambieni ukweli, niliumia. Nilikuwa nimeishi miezi mitano nikiitwa mama mara mia kwa siku, mimi niliyedhani sitaitwa hivyo kamwe, na kila mara moyo ulipoa kidogo. Sikutaka kuliachilia neno hilo. Nilitafuta visingizio. Misi hatakubali. Watanidharau. Nitawaadhibuje? Wakati huo Nyaboke akarudi kutoka tangini na debe tupu. Kulikuwa na baridi, ukungu ulikuwa haujatoka mlimani, na uso wake ulikuwa unatiririka jasho.

"Waite wasichana," nikasema.

Walikusanyika uani kwa jiko wakati wa mapumziko ya saa nne. Bosibori alinishika mkono, akaunyanyua, akasema kwa Kikisii kisha kwa Kiswahili ili nami nisikie: "Huyu ni dada yangu. Kuanzia leo ni magokoro, ni nyanya yenu. Akiwauliza kitu mnajibu kama mnajibu mimi. Na asiitwe mama tena."

 Wakatazamana. Kisha Kwamboka, nani mwingine, akasema, "Nyanya gani huyu anapanda mlima kutushinda?"

Wakaguna kwa hofu wakingoja niwake. Bosibori akaninong'oneza, "Mjibu. Nyanya anataniana na wajukuu. Ukinyamaza umekataa."

Nikapiga moyo konde. "Nyamaza wewe, mke mwenza wangu! Ndiyo maana mume wetu hakutaki, unaosha miguu mpaka magotini tu!"

Lo! Wasichana walianguka chini kwa kicheko. Waliegemeana, walipiga makofi, mmoja akamwaga uji wake. Na mimi nikasimama pale nimeshangaa kwamba neno "mume" limenitoka kinywani, maana sikuwa nimelitaja tangu ile barua. Halikunichoma kama nilivyotarajia. Nikacheka nao, machozi yakanitoka, na hakuna aliyejua yalikuwa ya aina gani.

Nyaboke peke yake hakucheka. Alikuwa ameegemea ukuta wa jiko kwa bega moja. Nikamwendea. Nilizoea kuzungumza na wasichana nimesimama, mikono nyuma. Safari hii nikaketi chini kwenye magogo ya kuni, nikanawa mikono kwenye kata ya maji mbele yake, polepole, kama Yona.

"Mjukuu wangu," nikasema, "nimekukosea. Nimekubebesha maji nikidhani unanichezea. Kosa ni langu. Haya, mwambie nyanya, ni wapi?"

Akamwangalia Bosibori. Bosibori akaitikia kwa kichwa. 

"Nyanya, niko na jipu," akasema. "Leo ni siku ya tisa."

Lilikuwa juu kabisa ya paja, kwa ndani. Tulimwingiza stoo ya mahindi, Bosibori akashika leso mlangoni, nikaliangalia. Lilikuwa kubwa kama pera, jeusi-jekundu, na kutoka hapo ulipanda mstari mwembamba mwekundu kuelekea tumboni. Mwili wake ulikuwa moto kama sufuria. Mstari wa namna hiyo niliuona mara moja tu kwa Yona, kwenye mkono wa mvuvi, na mvuvi yule tulimzika. Niliogopa, lakini sauti yangu haikubadilika. Hilo pia jifunzeni: mikono yenu na sauti zenu ziwe na utulivu hata mnapoogopa.

Kumbe Kwamboka alijua tangu siku ya kwanza. Alikuwa akimwekea rafiki yake majani ya mgomba yaliyopashwa moto, na alimsaidia kubeba debe mahali nisipoona. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, alinitazama kwa huruma kabisa. "Ulisema wewe ni mama."

Gari la misheni lilikuwa limeharibika, kama kawaida yake. Barabarani lilipita lori la pareto likishuka Kisii, nikalisimamisha kwa kusimama katikati ya njia na filimbi mdomoni. Ilikuwa mara ya mwisho filimbi ile kufanya kazi ya maana. Tukamlaza Nyaboke juu ya magunia ya maua makavu, kichwa chake mapajani mwangu, tukashuka vilima vile mashimo kwa mashimo. Harufu ya pareto ilitupandisha kizunguzungu sote wawili.

Katikati ya safari akafumbua macho. "Nyanya, watakata mguu?"

Mama angemwambia hapana, nyamaza, lala. Nilimwambia, "Sijui. Nitakuwa nimekushika mkono. Na kila daktari atakachoniambia nitakuambia, sitakuficha."

Akafikiri. Kisha akasema, "Hata kama ni kibaya?"

"Hata kama ni kibaya."

Akafumba macho, na kwa mara ya kwanza siku hiyo niliona taya lake limelegea.

Hospitali ya mjini ilimpokea jioni jua bado likiwaka. Jipu lilipasuliwa, akachomwa sindano za penisilini, ambazo wakati ule zilikuwa bado zinashangaza watu, asubuhi na jioni mpaka akasema makalio yake yamekuwa chujio. Daktari aliniambia kwamba kwa siku mbili zaidi angekuwa ananiambia habari nyingine. Nami nikamwambia Nyaboke vivyo hivyo, neno kwa neno, kwa sababu nilikuwa nimeahidi. Siku ya nne homa ikashuka. Siku ya kumi na mbili akasimama kwa miguu yote miwili. Nililia nyuma ya jengo la kufulia mashuka, nikapenga kamasi, nikarudi nikamwambia anatembea kama bata.

Tuliporudi shuleni nilibadilisha kazi yangu karibu yote, na hapa ninyi mnaotaka kuwasaidia vijana tegeni sikio, maana haya yamejaribiwa.

Filimbi niliifungia kabatini. Mahali pa mstari nikaweka saa ya kujitazama. Jumamosi asubuhi kila msichana alichukua beseni lake na kipande cha kioo, akaenda nyuma ya pazia la mikeka, akajikagua mwenyewe kuanzia utosini mpaka kwenye nyayo. Sikuingia huko. Alipotoka aliniambia alichokiona, kama kipo, au aliniambia hakuna. Mwanzo walidanganya, bila shaka. Niliwaacha. Aliyedanganya kuhusu funza alijikuta akichechemea Jumatatu, na wajukuu wenzake walimtania mpaka akakoma.

Asubuhi niliwauliza, "Umeamkaje?" na nikapiga marufuku jibu la "vizuri" likija peke yake. Lazima useme kitu kimoja. Kwamboka alikuwa akijibu, "Nimeamka na njaa, nyanya, na kisigino cha kushoto kimeninunia." Tulicheka, lakini nilikiangalia kile kisigino, na mara mbili kati ya hizo kulikuwa na mwiba kweli. Kijana akizoea kusema jambo dogo kwa mzaha, siku ya jambo kubwa ulimi wake unajua njia.

Halafu kulikuwa na vitambaa vya kila mwezi. Nitasema, msione haya, mimi ni nyanya. Wasichana walikuwa wakivificha chini ya magodoro vikiwa na unyevu, kwa sababu kamba ya nguo ilipita mbele ya jiko na mpishi alikuwa mwanamume. Vilikauka vibaya, wakatokwa na vipele, na mimi niliwalaumu kwa uchafu. Siku niliyouliza kama nyanya, nilijibiwa kabla sijamaliza swali. Tukapanda ua wa miti nyuma ya bweni, tukafunga kamba ndani yake, jua likaingia na macho yakabaki nje. Vioshwe kwa sabuni, vianikwe juani, vipigwe pasi ya makaa ikipatikana. Vipele viliisha. Hakuna dawa niliyonunua.

Na jambo gumu kuliko yote lilikuwa kuwafundisha kusema "nimechoka". Mtoto wa kwanza wa familia ya milimani hajui neno hilo. Amebeba ndugu zake mgongoni tangu akiwa na miaka sita. Nyaboke alikuwa mbaya zaidi ya wote. Ungempa kazi tatu angeomba ya nne. Nilimwambia mbele ya wenzake kwamba debe lile la pili alipaswa kulikataa, na kwamba mimi metroni ndiye niliyepaswa kukataliwa. Walinitazama kana kwamba nimewaambia ng'ombe anapanda miti. Nilirudia wiki baada ya wiki. Sikujua kama limeingia.

Sasa, Misi. Misi alikuwa mwanamke mwema na mwenye bidii, lakini habari za nyanya hazikumpendeza hata chembe. Alisikia wasichana wakinitania uani, akasikia maneno ya mke mwenza, masikio yake yakawa mekundu. Mwezi mmoja hivi baada ya Nyaboke kurudi aliniita ofisini kwake mchana, akafunga mlango kwa nusu, akaniambia kwa Kiswahili chake cha kitabuni kwamba tumekuja kuwafundisha wasichana usafi wa kisasa, si kuwarudisha katika mila. Nitaitwa metroni. Mstari wa asubuhi utarudi. Filimbi itarudi. Alitaka hivyo kuanzia Jumatatu.

Nilibishana naye. Nilimwambia kuhusu lile jipu. Akanijibu, na si uongo, kwamba mtoto alipona kwa penisilini na si kwa nyanya, na kwamba msichana wa Kikristo aliyefunzwa vizuri angesema mapema bila michezo hii. "Dorka," akasema, "unaweza kunionyesha mmoja tu aliyejifunza kujitunza kwa njia hii yako? Sisemi aliyeulizwa akajibu. Aliyejitunza."

 Nilikuwa na vicheko tu vya kumwonyesha, na kamba ya nguo. Nilijua nimeshindwa, na nilikuwa tayari ninafikiria ni wapi nilikoweka ufunguo wa kabati.

Mlango ukagongwa. Nyaboke akaingia, daftari mkononi, akasimama wima mbele ya meza ya Misi. Alipiga magoti kidogo kwa heshima, kisha akanigeukia mimi.

"Samahani, Misi. Nimemtafuta nyanya bweni zima." Akavuta pumzi. "Nyanya, jipu jingine linaanza, paja la kushoto. Limeanza leo asubuhi, bado ni dogo kama punje ya wimbi. Nimeliosha kwa maji moto na sabuni, sijalibana. Nimemwambia mwalimu wa bustani kwamba leo sitalima, amekasirika, lakini nimekataa."

Misi akaweka kalamu chini. Akamuuliza polepole, "Nyaboke, ni nani aliyekuuliza?"

"Hakuna aliyeniuliza, Misi," akasema Nyaboke. "Nilijitazama mwenyewe."